Kutuliza, kupoza au kufariji: tumwandikie nini anayeuguza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, nipo Morogoro. Tunaandaa kipeperushi cha familia zinazouguza wagonjwa wa saratani nyumbani, wale ambao ugonjwa wao hautegemewi kupona tena. Kuhusu mofini, dawa ya maumivu makali, niliandika: "Dawa hii itamfariji mgonjwa." Mwenzangu akakata, akaweka "itamponya maumivu". Wa tatu anashikilia "itampooza". Kitenzi sahihi cha kumwondolea mtu mateso bila kumwondolea ugonjwa ni kipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi. Nianze na unachokihitaji leo. Andika "itatuliza maumivu", au "itampunguzia mgonjwa maumivu". Hiyo "itamfariji" usiitupe, ina mahali pake, ila si kwenye sentensi ya dawa. "Itamponya" iondoe kabisa. Na "itampooza", nakuomba, isibaki hata kwenye rasimu.

Huyo wa tatu hakukosea kwa kutojua Kiswahili. Alichokuwa akikitafuta ni "itampoza", yenye o moja. Kupoza ni kukifanya kitu kipoe: unapoza chai, unapoza uji wa mtoto, unapoza hasira za mtu. Wapo wanaotamka "kupooza" kwa maana hiyohiyo, na kwenye mazungumzo tunaelewana bila taabu. Lakini kupooza ndiyo hali ya kiungo kufa nguvu, na ugonjwa wa kupooza kila mtu anaujua, kuanzia watoto waliopata polio hadi wazee walioangukiwa na kiharusi. Sasa mfikirie binti wa miaka ishirini aliyekaa na mama yake kitandani, ameshika chupa ya dawa ambayo tayari anaiogopa, anasoma "itampooza". Huyo hataimimina kijikoni. Herufi moja imemnyima mgonjwa usiku wa kulala.

Ila hiyo kupoza yenyewe tusiipite haraka, maana ndani yake kuna jibu la nusu ya swali lako. Kiswahili kina poa na kina pona, na watu huvichanganya kwa sababu vinakaa jirani. Kupona asili yake ni kunusurika. Ndiyo maana tunasema fulani alipona ajalini, au aliponea chupuchupu, wala hakuwa mgonjwa. Kupona ni kuwa umevuka hatari na kuiacha nyuma. Kupoa ni kupungua moto. Mtu mwenye homa tunasema mwili wake una moto, na ikishuka tunasema mwili umepoa, ingawa malaria yenyewe bado imo kwenye damu. Ndugu zetu wa Kibantu wa kusini wamelibakiza neno hili na l au r yake ambayo sisi tumeidondosha, kama tulivyoidondosha kwenye njaa na mvua, ambazo kwa Kichewa bado ni njala na mvula. Kwao ni pola, Washona husema pora, Wazulu phola, na kwa wote hao neno hilo moja hubeba kupata baridi na kupata nafuu, hata kidonda kufunga. Kwetu sisi kazi imegawanywa: kidonda kinapona, moto wa mwili unapoa. Mgawanyo huo ni neema kwa mwandishi wa kipeperushi kama chako, kwa sababu lugha imekupa neno la kuponya na neno la kupunguza makali, na hakuna anayekulazimisha kuahidi la kwanza pale unapoweza kutoa la pili.

Kama unataka kuona kupoza kunavyofanya kazi, tazama pale umeme unapopita. Panapopokelewa umeme wa msongo mkubwa na kushushwa ili uweze kuingia majumbani tunapaita kituo cha kupoza umeme. (Magazeti mengine huandika "kupooza" hapo pia, na ndiko mwenzako alikoweza kuipata.) Kituo hicho hakizimi umeme. Kinaushusha hadi kiwango ambacho waya wa nyumba unaweza kuubeba. Sijapata mfano bora zaidi wa kuieleza dawa ya maumivu kwa mtu ambaye ugonjwa wake hauondoki.

Mbona basi sikukwambia uandike "itapoza maumivu"? Ungeiandika, nisingekukosoa. Watu husema kupoza machungu, kupoza koo, kupoza kiungulia. Tatizo ni kwamba kupoza kunadai kitu cha moto. Kunakwenda vizuri na kinachounguza, kinachowasha, kinachofukuta. Na maumivu ya saratani hayana sura moja.

Hapa nitakaa kidogo, maana naona watu wa afya wanapoteza utajiri mkubwa kwa kuandika "maumivu" tu toka mwanzo hadi mwisho. Kiswahili hakisemi mtu "ana" maumivu kwanza. Kinasema kiungo kinamuuma, na kuuma ni hukohuko kwa meno: nyoka ameniuma, mguu unaniuma. Halafu kila maumivu yana kitenzi chake. Kichwa kinawanga. Jipu linapwita. Tumbo linasokota, linanyonga, linakata. Mbavu zinachoma. Koo linakereketa. Mishipa inavuta. Mguu umekufa ganzi. Mgonjwa akimwambia mwanawe "panachoma kama moto" na siku nyingine "panavuta", amesema mambo mawili tofauti, na daktari angependa kuyajua yote mawili, kwa sababu maumivu yanayotoka kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa huunguza na kuchoma, na mara nyingi huhitaji dawa ya ziada isiyofanana na ile ya mfupa. Ningekuwa wewe, ningetenga nafasi kwenye kipeperushi kwa maneno hayo ya mgonjwa, na kuiambia familia: yaandikeni kama anavyoyasema mwenyewe.

Kwa kuwa maumivu yanauma kama kiumbe chenye meno, ndiyo maana kitenzi kinachoyafaa yote ni kutuliza. Kutuliza hakubagui. Kinachochoma kinatulizwa, kinachosokota kinatulizwa, kinachopwita kinatulizwa. Na mimi navisikia kutua, kutulia na kutuliza katika ukoo mmoja. Kutua ni kuweka chini: ndege anatua tawini, jua linatua, mchukuzi anatua mzigo. Utakuwa umeisikia kaulimbiu ya miradi ya maji hapa Tanzania, "kumtua mama ndoo kichwani". Angalia sarufi yake: anayetuliwa ni mama, kinachoshuka ni ndoo. Walioitunga walikuwa wanazungumzia mabomba na visima, lakini sentensi yao ni ya kumwondolea mtu mateso hasa. Ukisema maumivu yametulia, unasema yamekaa chini. Yapo, ila yamekaa.

Lakini chunga kitu kimoja, na hapa ndipo vipeperushi vingi nilivyowahi kuhariri vinapoteleza. "Dawa itatuliza maumivu" na "dawa itamtuliza mgonjwa" ni sentensi mbili zisizofanana. Ya kwanza inagusa maumivu. Ya pili inamgusa mtu, na msomaji atadhani ni dawa ya kumlaza, ya kumnyamazisha asisumbue. Tunazo kweli dawa za namna hiyo, na watu wanaziita dawa za kutuliza. Isitoshe, kitenzi hiki kikielekezwa kwa mtu kina upande wa ubabe. Polisi wanatuliza ghasia. Mzazi aliyechoka humwambia mtoto "Tulia!" na hajampunguzia chochote. Nimekaa kwenye benchi la wodi nikasikia mama mwenye uchungu akiambiwa "tulia" mara sita, na hakuna aliyemletea hata maji. Aliponyamaza ilionekana kazi imekamilika. Familia nyingi zinaogopa mofini kwa hofu hiyohiyo, kwamba mgonjwa anapewa ili alale na asilalamike mpaka afe. Usiiunge mkono hofu hiyo kwa kiambishi. Iwe i-ta-tuliza maumivu. Hiyo -m- iondoe.

Kwa kupunguza mambo ni kinyume chake, -m- inahitajika lakini haiji peke yake. Huwezi kusema dawa "itampunguza mgonjwa". Huko ni kumkondesha. Inabidi kitenzi kipate -ia: itampunguzia mgonjwa maumivu. Ni hivyohivyo kwa kumwondolea, kumpozea, kumtulizia. Hiyo -ia ndiyo inayomwingiza mtu ndani ya tendo bila kumfanya yeye kuwa ndiye kitu kinachopunguzwa. Naipenda kupunguzia kwa sababu ni kweli tupu. Haijifanyi inamaliza. Ina hata kipimo: jana yalikuwa makali hivi, leo yamepungua hadi hapa. Ikiwa wahudumu wenu wanamwomba mgonjwa ataje ukali wa maumivu kwa namba kutoka 0 hadi 10, basi kitenzi kinachokaa na namba ni kupungua. Maumivu yameshuka, yamepungua. Namba haiwezi kupoa.

Sasa nije kwenye sentensi yako mwenyewe, "itamfariji". Kufariji tumekipata kutoka Kiarabu, na huko mzizi wake ni wa kufungua, kupanua palipobana, kukunjua. Faraj ni ufunguzi baada ya kubanwa. Kuna kitabu kizima cha al-Tanukhi, mwandishi wa Iraki wa karne ya 10, kilichokusanya visa vya watu waliofunguliwa kutoka kwenye shida, na jina lake, faraja baada ya shida, ni ndugu wa lile tunalolisema sisi kila siku bila kufikiria: baada ya dhiki, faraja. Dhiki ni kubanwa, faraja ni kupata nafasi. Maneno mawili, yote ya upana na wembamba. Mgonjwa anayesema "kifua kimenibana" na mfiwa anayesema "moyo umenibana" wanatumia picha hiyohiyo.

Ila Waswahili walipokichukua kitenzi hiki walikipa sharti. Anayefariji awe mtu, au awe neno, habari, barua, dua, ujio. Na anayefarijiwa awe mtu. Hatufariji maumivu, hatufariji homa, na kidonge hakifariji. Ukiandika "dawa itamfariji mgonjwa", msomaji ataelewa, lakini atahisi kama umempa kidonge kazi ya shangazi. Na kazi hiyo ya shangazi ndiyo nusu ya pili ya kipeperushi chako. Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua hospisi (nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa) ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yako ya mwili, ya nafsi, ya maisha yake na watu, na ya roho, na kwamba kuutibu mwili peke yake ni kumwacha na mengine yote. Kwa Kiswahili fundisho hilo linajipanga lenyewe katika vitenzi. Mwili unatulizwa na kupozwa. Mtu anafarijiwa na kuliwazwa. Mzigo wa nyumba, ada za shule, deni la dukani, ugomvi na kaka ambao haujasuluhishwa, hayo anatuliwa. Kitenzi kimoja hakitoshi kwa sababu mateso si kitu kimoja.

Watafsiri wa Biblia ya Muungano ya Kiswahili walilijua hili. Kwenye Isaya 40:1, mahali ambapo wangeweza kuandika "wafarijini", wakaandika "Watulizeni mioyo, watulizeni mioyo, watu wangu". Wametumia kutuliza, lakini tazama walichokituliza: mioyo. Wangesema "watulizeni watu wangu" ingesikika kama amri ya kuzima fujo. Neno mioyo ndilo lililoiokoa sentensi. Unaweza kuwaiga: "kaeni naye, mtulizeni moyo".

Na kwenye Mathayo 5:4 hawakusema wenye huzuni "watafarijiwa", walisema "watafarijika". Hapa kuna jambo ambalo nadhani ni kubwa kuliko hata uchaguzi wa kitenzi. Kufarijiwa ni kufanyiwa. Kufarijika ni kupokea hadi ikaingia. Mtu anaweza kufarijiwa na mtaa mzima na asifarijike. Anaweza kutulizwa na asitulie, kubembelezwa na asibembelezeke, kuliwazwa usiku kucha na asiliwazike. Kiswahili kina mwisho mmoja wa kitenzi kwa juhudi za anayesaidia na mwisho mwingine kwa hali ya anayesaidiwa, na hakikubali tuvichanganye. Taarifa nyingi za miradi huandika "wagonjwa mia kadhaa walipunguziwa maumivu". Ningependa kuona taarifa inayosema maumivu yao yalipungua. Kwenye kipeperushi, basi, usimuulize anayeuguza kama amempa dawa tu. Muulize: yametulia? Amelala? Alikula? Kama bado hayajatulia, apige simu, maana dozi inaweza kuongezwa, na hilo ni jambo la mhudumu kuamua pamoja na daktari.

Kuliwaza nimekitaja juujuu na kinastahili mistari miwili. Nakisikia laini kuliko kufariji. Kufariji kunaweza kufanywa kwa hotuba msibani mbele ya watu mia. Kuliwaza kunafanywa kwa ukaribu, kwa wimbo, kwa hadithi, kwa kumshika mtu mkono hadi asahau kwa muda. Mtoto aliyeanguka analiwazwa. Mgonjwa anayewekewa kaseti za taarabu alizozipenda ujanani analiwazwa. Kubembeleza nako kuko hapohapo, na ndani yake unasikia bembea, ule mwendo wa kwenda na kurudi. Msibani huku pwani tunakwenda kumhani mfiwa, tunampa mkono wa pole, na hiyo pole yenyewe mimi siitengi na upole wala na kupoa: ni kumtakia mtu moto wake ushuke. Hayo ni ya baada ya kifo, hayaingii kwenye kipeperushi chako. Nimeyataja kwa sababu wahudumu wapya huandika "rambirambi" kwa familia ambayo mgonjwa wao bado yu hai. Anayeuguza hupewa pole. Rambirambi na tanzia ni za aliyefiwa.

Utakutana pia na nafuu na ahueni. Majirani zetu Wakenya husema afueni. Haya ni majina, hayana kitenzi chake cha kila siku, ndiyo maana tunasema kupata nafuu, kumpa nafuu. Yafaa sana kwenye mazungumzo: "Leo umepata nafuu?" Lakini kwa mgonjwa wako yatumie kwa uangalifu, kwa sababu "amepata ahueni" kwa familia nyingi ni hatua ya kwanza ya kupona. Wakisikia ahueni Jumatatu, wanategemea atembee Ijumaa. Sema nafuu ya maumivu, iwe wazi ni nafuu ya nini. Burudisha ningeiacha kabisa. Ilikuwa nzuri, asili yake ni ubaridi, na kuuburudisha mwili ni kuupa ubaridi. Ila siku hizi burudani imekwenda kwenye muziki na mpira, na msomaji atashtuka.

Unauliza kama kuna kitenzi cha kuondoa mateso bila kuondoa chanzo. Kuna kimoja ambacho hakitakufaa kukiandika, lakini kitakusaidia kuelewa jinsi watu wetu wanavyofikiri. Ni kuganga. Mganga sote tunamjua, na methali inasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini msikilize kijana anayeuza maji barabarani ukimuuliza kazi inaendaje: "Naganga njaa tu, mama." Hajasema anashiba. Hajasema umaskini umekwisha. Amesema njaa ya leo ameishika isimuue, kesho ataishika tena. Watu wetu wanaijua vizuri kazi ya kupunguza kitu kisichoisha, wanaifanya kila asubuhi na wanaiheshimu. Kwa hiyo usiogope kuwaambia ukweli kwamba mofini haiondoi saratani. Hawatakudharau.

Hata sheria yetu ilibidi itafute neno la kupunguza kisichoondoka. Tembo akila shamba la mtu au akimuua mtu, Tanzania hulipa fedha kwa kanuni za wanyamapori, na fedha hizo haziitwi fidia. Zinaitwa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au aliyeuawa. Fidia ingedai thamani yote irudishwe, na mtu harudishwi. Kifuta machozi kinakiri kwamba machozi yapo na sababu yake haitaondoka, ila mkono umenyooshwa kuyafuta. Wanavijiji wengi hulalamika kwamba kiasi ni kidogo na huchelewa, na wana haki yao, lakini jina lenyewe ni la ukweli. Ndivyo ninavyotaka sentensi za kipeperushi chako ziwe.

Kuhusu jina la huduma yenyewe: wizara na hospitali zetu huiita tiba shufaa. Shufaa ni uombezi, mtu kusimama kati kwa ajili ya mwingine, na Waislamu wanaijua kwa shufaa ya Mtume siku ya Kiyama. Mtu asiyelijua hudhani ni shifaa, yaani ponyo, na hapo tunarudi kwenye ahadi ileile tunayoikimbia. Litumie, ndilo rasmi, lakini lifuatishe na maelezo mara moja tu: "huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na kuisaidia familia yake, tangu ugonjwa unapogunduliwa". Hayo maneno ya mwisho usiyaache, kwa sababu watu huamini huduma hii ni ya wiki ya mwisho.

Jambo la mwisho ni la kitenzi na la dawa kwa pamoja. Kutuliza kunadhani kitu kimeshaamka. Humtulizi aliyetulia. Kwa hiyo familia inaposoma "itatuliza maumivu" inaweza kusubiri hadi mgonjwa alie ndipo impe. Sivyo inavyotakiwa. Shirika la Afya Duniani liliposambaza mwongozo wake wa maumivu ya saratani mwaka 1986, liliweka wazi kwamba dawa inapowezekana inywewe kwa mdomo, na kwamba ifuate saa, haisubiri kilio. Mofini ya maji kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4. Ongeza basi sentensi yenye kitenzi cha pili, kuzuia: dawa hii hutuliza maumivu, na ikinywewa kwa saa zake huyazuia yasiamke tena. Na kwa kuwa mofini hufunga choo karibu kwa kila anayeitumia, hakikisha dawa ya kulainisha choo imetajwa palepale, si ukurasa wa nyuma.

Kwa hiyo aya yako ningeiandika hivi, nawe uirekebishe kwa namna mnavyosema huko kwenu:

"Dawa hii haiondoi ugonjwa. Inatuliza maumivu. Mpe mgonjwa kila baada ya saa ulizoelekezwa, hata kama wakati huo haumwi, ili maumivu yasiamke. Muulize: panachoma, panavuta, au panasokota? Andika jibu lake kama alivyolisema. Kama maumivu hayajapungua, mpigie simu mhudumu wako siku hiyohiyo, usisubiri kesho. Keti naye. Mwekee redio anayoipenda, msomee, mwombee, mshike mkono. Hayo dawa haiwezi kuyafanya."

Na hapo kwenye "keti naye", kama nafasi inaruhusu, ndipo uirudishe ile "kumfariji" yako.